Matra, Ligier au Renault: uanze na historia ipi ya mbio za Kifaransa?

Matra ilishinda mara 9 kwenye Formula 1. Ligier nayo mara 9. Ukiishia hapo utasema ngoma droo, shika yoyote twende. Lakini tisa za Matra zilipatikana ndani ya misimu miwili tu, zote kwa mikono ya dereva mmoja kutoka Scotland na kwa injini ya Kiingereza. Tisa za Ligier zilitapakaa ndani ya miaka 20, na kila moja ililetwa na dereva Mfaransa. Pembeni yao amekaa Renault na ushindi wake 35, wala hana haraka ya kuingia kwenye ubishi huo.

Makala haya ni ya yule aliyeanza kufuatilia Formula 1 juzijuzi, akanogewa, na sasa anataka kurudi nyuma kwa Wafaransa ila hajui amshike nani kwanza. Ukiwa na muda unaweza kupitia zote tatu, sikatai. Ila bando lina mwisho, na kesho kuna kazi.

Tunapima nini

Vigezo ni vinne, na kila timu nimeipitisha humo humo.

Cha kwanza ni kitabu: imeshinda mara ngapi, ina mataji mangapi. Cha pili nakiita jasho la nani. Kwenye mbio hizi "mtengenezaji" ni yule aliyeunda chesisi. Injini inaweza kutoka kwa jirani, dereva akatoka nchi nyingine, na karakana ikawa nchi ya tatu. Kwa hiyo ukisema "gari la Kifaransa limeshinda" bado hujasema kitu mpaka ufunue boneti. Cha tatu ni pa kuanzia, yaani mbio moja ambayo ukiitazama utajua kama timu hiyo ni yako. Cha nne ni uvumilivu: utasubiri kiasi gani kati ya raha moja na nyingine.

Kigezo cha pili ndicho kilichonifanya nione rekodi hizi kwa jicho jingine, kwa hiyo usishangae nikikaa hapo kuliko pengine.

Matra

*Kitabu.* Matra ilikuwa kampuni ya makombora na vyombo vya anga. Mwaka 1964 ilichukua kiwanda kidogo cha magari cha René Bonnet, na bosi wake, Jean-Luc Lagardère, akaona kwamba mbio ndizo njia ya mkato ya kulifanya jina lijulikane. Mwaka 1968 Jackie Stewart alishinda mbio 3 akiwa kwenye Matra. Mwaka 1969 akashinda 6, akawa bingwa wa dunia kwa pointi 63, na Matra ikabeba ubingwa wa watengenezaji. Baada ya msimu wa 1972 ikaachana na Formula 1 na nguvu zote zikaenda kwenye magari ya masafa marefu. Huko ilishinda saa 24 za Le Mans mara tatu mfululizo, 1972, 1973 na 1974, na ubingwa wa dunia wa magari ya aina hiyo mwaka 1973 na 1974. Kisha ikafunga virago.

Ni wachache walioingia, wakala vyote viwili, wakaondoka bado wameshiba namna hiyo.

*Jasho la nani.* Sasa funua boneti. Chesisi ni ya Matra, haina ubishi, tena ya watu waliozoea kuunda ndege: kwenye MS80 ya 1969 matangi ya mafuta yalikuwa sehemu ya umbo la gari lenyewe, si mifuko iliyopachikwa ndani. Lakini injini ilikuwa Cosworth ya Uingereza yenye jina la Ford. Aliyeiendesha timu hiyo ni Ken Tyrrell, Mwingereza mfanyabiashara wa mbao. Usukani alishika Stewart. Mfaransa hakuwahi kushinda mbio ya ubingwa wa Formula 1 ndani ya Matra, hata mara moja.

Na walipotaka kuwa Wafaransa kamili, mambo yakabadilika. Mwishoni mwa 1969 Matra ilishaungana kibiashara na Simca, kampuni iliyokuwa chini ya Chrysler, mshindani wa Ford, kwa hiyo injini yenye jina la Ford haikuweza kubaki. Wakasema sasa ni V12, injini ya silinda 12, yetu wenyewe. Tyrrell na Stewart wakaaga. Kuanzia hapo gari lilikuwa la nyumbani kuanzia chesisi mpaka injini, na halikushinda tena mbio ya ubingwa wa Formula 1. Mwaka 1972 pale Clermont-Ferrand, kwao kabisa, Chris Amon wa New Zealand alianza wa kwanza, akaongoza, akapata pancha, akarudi kukimbiza kama mwenda wazimu, akamaliza wa tatu. Hiyo ndiyo mbio yao ya machozi.

Le Mans ilikuwa afadhali. V12 hiyo hiyo ndiyo iliyoshinda mara tatu, na Henri Pescarolo alikuwemo kwenye gari mshindi mara zote tatu. Hata hivyo, mwaka 1974 giaboksi ya gari lililokuwa likiongoza iligoma. Giaboksi yenyewe ilikuwa kazi ya Porsche, na mafundi wa Porsche wakaja kusaidia kuitengeneza huku gari la Porsche likiwa ndilo linalofuatia. Mkataba ni mkataba. Matra ikashinda.

*Pa kuanzia.* Monza, Septemba 1969. Siku hizo Monza haikuwa na kona za kupunguza mwendo. Magari yalifuatana kama siafu, kila mmoja akivutwa na upepo wa aliye mbele. Stewart alijua kwamba ukitoka kona ya mwisho, Parabolica, mpaka mstari wa kumalizia, kila anayebadili gia anapoteza kidogo. Kwa hiyo kabla ya mbio alichagua meno ya gia ambayo yangemruhusu kutoka kwenye kona ile na kufika mstarini bila kugusa kibadilishi. Mzunguko wa mwisho wakatoka wanne wamebanana: yeye, Jochen Rindt, Jean-Pierre Beltoise na Bruce McLaren. Wenzake wana kazi ya mikono, yeye mguu tu. Alimpita Rindt kwa sekunde 0.08, na wote wanne walimaliza ndani ya sekunde 0.19. Siku hiyo hiyo akawa bingwa wa dunia. Picha zenyewe ni chache na zimekatwakatwa, kwa hiyo soma kwanza halafu utazame, la sivyo utaona magari manne tu yanapita.

*Uvumilivu.* Hauhitajiki. Jioni mbili zinatosha kumaliza yote.

*Inamfaa nani.* Anayependa hadithi fupi yenye kilele, na anayevutiwa zaidi na jinsi kitu kilivyoundwa kuliko bendera iliyo juu yake. Kama unataka timu ya kuishabikia Jumapili hii, hapa hakuna. Kaburi lilishaota majani.

Ligier

*Kitabu.* Misimu 21, kuanzia 1976 mpaka 1996, mbio 326, ushindi 9. Jacques Laffite alishinda 6, Patrick Depailler 1, Didier Pironi 1, Olivier Panis 1. Taji hakuna. Karibu zaidi ni nafasi ya pili ya watengenezaji mwaka 1980. Laffite mwenyewe alimaliza wa nne duniani miaka mitatu mfululizo, 1979, 1980 na 1981, na mwaka huo wa mwisho aliingia mbio ya kufunga msimu kule Las Vegas akiwa bado ana nafasi ya ubingwa.

Upande wa pili wa kitabu ni giza. Mwaka 1983, 1988, 1990 na 1991 timu haikupata hata pointi moja. Kuna wikiendi ya 1988 kule Imola ambapo magari yote mawili hayakufuzu hata kuanza.

*Jasho la nani.* Guy Ligier alikuwa mcheza raga na mkandarasi wa barabara kabla ya kuwa dereva wa mbio. Rafiki yake Jo Schlesser alikufa kwenye mbio za Ufaransa pale Rouen mwaka 1968, na kuanzia hapo kila gari lililotoka mikononi mwa Ligier lilipewa herufi JS. JS5, JS7, JS11, mpaka JS43. Timu nyingine hutaja magari kwa namba za ofisini, yeye alikuwa anamtaja marehemu.

Na hapa ndipo Matra inarudi kwa mlango wa nyuma. Ile V12 iliyoshindwa kushinda mbio ya ubingwa ndani ya gari lake yenyewe ilihamia kwa Ligier. Juni 1977 pale Anderstorp, Sweden, Mario Andretti alikuwa anaongoza mpaka mafuta yakamwangusha zikiwa zimebaki raundi mbili, na Laffite akapita. Chesisi ya Kifaransa, injini ya Kifaransa, dereva Mfaransa: haikuwahi kutokea kwenye ubingwa wa dunia wa Formula 1 kabla ya siku hiyo. Mwaka 1981 V12 ikashinda tena, Austria na Canada. Kwa hiyo ushindi wote 3 wa injini ya Matra katika ubingwa wa Formula 1 umeandikwa kwenye ukurasa wa Ligier, na ushindi wote 9 wa Matra umetokana na injini ya Kiingereza. Mara ya kwanza nilipoupanga mstari huo kwenye karatasi niliurudia kuuhesabu.

Tusimpake Ligier mafuta sana, lakini. Ushindi 5 wa 1979 na 1980, kipindi chake bora kabisa, ulitoka kwa Cosworth ile ile ya Waingereza. Na ule wa mwisho, 1996, ulikuwa wa injini ya Kijapani, Mugen-Honda.

*Pa kuanzia.* Monaco, tarehe 19 Mei 1996. Panis anaanza wa 14. Barabara imelowa. Kwenye Monaco, kuanza wa 14 ni sawa na kufika harusini sahani zimeshakusanywa. Michael Schumacher anagonga ukuta kwenye mzunguko wa kwanza. Wengine wanafuata mmoja mmoja, kona baada ya kona, kama maembe siku ya upepo. Panis anaingia mapema kubadili tairi za mvua wakati barabara inaanza kukauka, anatoka, na badala ya kusubiri waanguke anaanza kuwapita. Angalia anavyomkuta Eddie Irvine kwenye kona ile kali ya hotelini, sehemu ambayo magari hutambaa: anajibana kwa ndani, wanagusana, anapita. Halafu Damon Hill, aliyekuwa anaongoza, injini inakata moshi. Kisha Jean Alesi naye anaishia njiani. Muda wa saa mbili unaisha kabla ya mizunguko yote kukamilika, na magari yaliyopita mstarini bado yakikimbia ni matatu. Panis, David Coulthard, Johnny Herbert.

Ligier haikuwa imeshinda tangu 1981, na haikushinda tena. Mwaka uliofuata timu ilikuwa ya Alain Prost, kwa jina la Prost, na miaka mitano baadaye pesa zikaisha. Mfaransa mwingine kushinda mbio ya Formula 1 ilikuwa Pierre Gasly, mwaka 2020.

*Uvumilivu.* Mwingi. Kati ya Canada 1981 na Monaco 1996 ni karibu miaka 15 ya kusubiri, na mimi sikushauri uitazame yote. Tazama 1979 mwanzoni, ambapo Laffite alishinda Argentina na Brazil mfululizo na kila mtu akadhani mwaka ni wao, halafu soma jinsi Depailler alivyovunjika miguu kwenye mchezo wa kuruka na tiara kubwa katikati ya msimu. Kisha ruka mpaka 1996.

*Inamfaa nani.* Mwenye moyo wa ushabiki. Anayejua kukaa na timu ndogo. Anayetafuta mataji atalala njaa.

Renault

*Kitabu.* Hapa usichanganye vipindi viwili. Cha kwanza, 1977 mpaka 1985: ushindi 15, taji sifuri. Cha pili, kuanzia 2002, timu ya Benetton waliyoinunua mwaka 2000 ilipoanza kukimbia kwa jina lao: ushindi 20, na ubingwa wa dereva na wa watengenezaji kwa pamoja mwaka 2005 na 2006, dereva akiwa Fernando Alonso. Katikati walikuwa wauza injini tu, na biashara ilikuwa nzuri mno: ubingwa wa watengenezaji kuanzia 1992 mpaka 1997 ulikwenda kila mwaka kwa gari lenye injini yao, Williams mara tano na Benetton mara moja. Lakini hiyo kwenye kitabu cha mtengenezaji haihesabiwi.

Kuna na doa. Singapore 2008, Nelson Piquet mdogo aligonga ukuta kwa makusudi ili Alonso afaidike. Alonso akashinda, na mwaka uliofuata siri ikatoka. Ukihesabu 35, hesabu ukijua moja yao imepatikanaje.

*Jasho la nani.* Kipindi cha kwanza ndicho safi kuliko vyote katika makala haya. Chesisi Renault, injini Renault, tairi Michelin, na ushindi wote 15 uliletwa na Wafaransa: Jean-Pierre Jabouille 2, René Arnoux 4, Alain Prost 9. (Naam, tisa nyingine. Namba hii inawafuata hawa watu.) Kipindi cha pili injini ilitoka Viry-Châtillon, Ufaransa, ila gari liliundwa Enstone, Uingereza, na hakuna Mfaransa aliyeshinda nalo. Mataji yote yapo kwenye kipindi hicho cha pili.

Umeona mwenendo? Matra ilichukua taji ikiwa na Waingereza ndani, ikalikosa ilipobaki peke yake. Renault vivyo hivyo, ila kwa mpangilio wa kinyume. Ligier ushindi wake wote aliupata kwa madereva wa nyumbani, na hana taji. Sisemi ni kanuni; nasema ukitaka kuchagua timu, jua unachagua kati ya kombe na ukoo.

*Pa kuanzia.* Renault walileta tabo: moshi unaotoka unazungusha feni, feni inasukuma hewa zaidi ndani ya injini, injini ndogo ya lita 1.5 inapata nguvu ya kupambana na za lita 3. Ilipoingia Silverstone mwaka 1977 ilikuwa inakufa na kufuka kiasi kwamba Waingereza waliita gari hilo birika la njano. Miaka miwili baadaye, tarehe 1 Julai 1979 pale Dijon, Jabouille alishinda akiwa kwenye Renault. Ushindi wa kwanza wa tabo katika Formula 1, na maskini karibu hakuna aliyeutazama, kwa sababu nyuma yake Arnoux na Gilles Villeneuve wa Ferrari walikuwa wanagongana tairi kwa tairi wakigombea nafasi ya pili. Villeneuve aliipata kwa robo ya sekunde. Tazama mizunguko ya mwisho, kisha rudia ukimtafuta Jabouille.

Ukiwa na jioni ya pili, nenda Kyalami, Afrika Kusini, Oktoba 1983. Prost anafika akimzidi Nelson Piquet (baba wa yule wa Singapore) pointi 2. Tabo inakufa. Piquet anamaliza wa tatu na kumpita kwa pointi 2. Wa kwanza kuwa bingwa wa dunia kwa injini ya tabo akawa na injini ya BMW. Waliopanda mti hawakula embe, na Prost akafukuzwa kazi.

*Uvumilivu.* Wa kati. Kila miaka michache kuna kitu.

*Inamfaa nani.* Anayetaka kujua kwa nini magari yamekuwa hivi yalivyo, na anayetaka uzi unaofika mpaka leo, maana timu ya Enstone sasa inaitwa Alpine. Hungary 2021 Esteban Ocon, Mfaransa, alishinda nayo.

Chagua kwa hali yako

Una wikiendi moja tu na hutaki kubaki na kiporo: Matra. Jumamosi Monza 1969, Jumapili Le Mans. Weka spika za masikioni, V12 ile haistahili spika ya simu.

Timu yako ya mpira haijashika kombe tangu ukiwa shule ya msingi na bado unaipenda: Ligier. Anza na Monaco, kwa sababu unaipata nzima na huhitaji kujua lolote kabla.

Wewe ni fundi, au unasomea ufundi: Renault 1977 mpaka 1983. Ukipenda mataji na rangi nzuri ya televisheni, Renault 2005 na 2006, na hakuna atakayekuona mshamba.

Unabishana kijiweni na mtu anayesema Wafaransa hawajui mbio: mpe Matra kwa ubingwa. Akikujibu kwamba injini ilikuwa ya Kiingereza, basi huyo amesoma; msogeze Dijon.

Na kama Formula 1 inakuchosha, unataka vumbi, tope na gari lenye mlango, basi hakuna kati ya hawa watatu anayekufaa. Mfaransa wako ni Peugeot. Pijo 404 ilishinda Safari Rally mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968, na 504 mwaka 1975 na 1978. Mwaka 1963 magari 84 yaliondoka, 7 yakarudi, la kwanza likiwa la Nick Nowicki na Paddy Cliff. Mwaka 1966 na 1967 alishinda Bert Shankland, dereva wa Tanzania, pamoja na Chris Rothwell. Hapo huhitaji hata bando: tafuta mzee aliyewahi kusimama kando ya barabara siku zile Pijo zinapita, mnunulie kahawa, na usimkatize.